Krete kwa gari siku nane: kilomita 260 tu, kwa nini wenyeji wanasema sitamaliza?

#1 BintiKorogwe
Wakuu habari za jioni. Mwezi wa tisa mimi na mume wangu tunakwenda Krete, kile kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ugiriki. Tunatua Chania, tunachukua gari la kukodi uwanjani, tuna siku nane kamili. Nimeangalia ramani: magharibi hadi mashariki ni kama kilomita 260. Dar hadi Dodoma ni mbali zaidi ya hapo, na watu wanatoka alfajiri, mchana wanakula Dodoma. Kwa hiyo nimepanga kuzunguka kisiwa chote: Chania, Elafonisi, Balos, Rethymno, Heraklion, Spinalonga, mpaka kwenye mitende ya Vai, kisha turudi kwa kusini. Kila usiku mji mwingine.

Mama mwenye nyumba tutakayofikia nilimwandikia mpango huo, akanijibu "siga siga". Nikamuuliza ndiyo nini, akasema ni polepole, na kwamba mpango wangu hautaisha. Kilomita 260 zinanishindaje? Mliowahi kushika usukani kule naombeni mawazo.

#2 MzeeWaSukani
Karibu binti yangu. Umeipima Krete kwa rula, na rula inapita juu ya milima. Kilomita za Dodoma zimelala, za Krete zimesimama wima. Kuna safu tatu kubwa za milima: Lefka Ori, Psiloritis na Dikti. Psiloritis inafika mita 2,456, na kilele cha Pachnes huko Lefka Ori mita 2,453, kwenye kisiwa ambacho penye wembamba ni kilomita 12 na penye upana ni kama 60 hivi. Barabara ya kukimbilia ni moja, ya kaskazini, wanaiita BOAK, inaunganisha Chania, Rethymno, Heraklion na Agios Nikolaos. Ukiiacha kwenda kusini unapanda, unakata kona, unashuka. Halafu mara nyingi unarudi njia ile ile, maana kusini hakuna barabara moja inayofuata bahari mwanzo mwisho. Vijiji vingine kama Loutro na Agia Roumeli havina barabara ya gari kabisa, ni boti au miguu.

Chania hadi Chora Sfakion ni kilomita 70 na ushee. Nilitumia saa mbili kasorobo, na mimi nimepandisha lori Kitonga miaka kumi na moja.

#3 MtotoWaLikoni
Mzee, milima ipo, lakini sababu kubwa ni simu. Ramani ya simu inahesabu kama vile utakwenda kwa mwendo ulioandikwa kwenye kibao bila kupunguza. Kibao 90, simu inapiga hesabu ya 90. Haijui kwamba kijijini barabara ina upana wa gari moja na nusu, na hiyo nusu kuna pikapu imeegeshwa, mwenyewe yuko mkahawani.

#4 FundiGia
#3 naomba nikusahihishe. Simu haisomi vibao peke yake, inachukua mwendo halisi wa magari yanayopita pale. Tatizo ni magari ya nani. Yanayopita kila siku ni ya wenyeji, na mwenyeji anaijua ile kona tangu alipokuwa anabebwa mgongoni. Wewe unakutana nayo leo. Simu inakupa saa ya mwenyeji, unaiendesha kwa mguu wa mgeni.

#5 ShangaziRehema
Wanaume mmeshaingiza mahesabu. Mimi nimekwenda Krete na watoto wawili na mama mkwe. Kilichotuchelewesha ni kusimama. Unakata kona, bahari inafunguka chini, rangi ambayo hujawahi kuiona, lazima usimame. Kona inayofuata kuna kanisa dogo jeupe, unasimama tena. Kisha mtoto anatapika, unasimama kwa lazima. Binti, weka vituo viwili tu: nusu ya siku ulale Chania, nusu ulale Agios Nikolaos au karibu yake. Kila siku toka asubuhi na urudi jioni. Kufunga na kufungua mabegi kila siku kunakula saa tatu za mapumziko yako.

#6 BintiKorogwe
Shukrani nyote. Shangazi, hilo la vituo viwili limenigusa. Swali jingine: nimeona picha za hiyo BOAK, magari yanapita nusu yake juu ya bega la barabara, kulia kwa mstari mweupe wa pembeni. Hiyo ni sheria yao?

#7 MzeeWaSukani
Ni adabu ya barabara. Sehemu kubwa ya BOAK ni njia moja kwenda na moja kurudi, ila bega lake ni pana. Aliye taratibu anasogea begani, aliye nyuma anaovateki bila kuingia sana upande wa wanaokuja. Ukikaa katikati ya njia yako na mwendo wa 70, utaona foleni nyuma yako na taa zinakumulika.

#8 KakaBujumbura
Sikubaliani na neno adabu. Kisheria bega si njia ya kupita, na kuna mahali linakatika ghafla kwenye daraja au ukuta. Nimeona gari la wageni limesogea begani kwa uungwana, kumbe mbele kuna pikipiki imeharibika. Mimi naita mazoea yaliyozaliwa na barabara finyu. Kama ingekuwa na njia mbili mbili kila upande, hayo yasingekuwepo.

#9 MtotoWaLikoni
Halafu suala la kumulikwa. Kwetu mtu akiniwashia taa mara mbili ananiambia pita, au trafiki yuko mbele. Kule, gari la nyuma au linalokuja kwenye njia finyu likikumulika maana yake "napita mimi". Nilijifunza kwenye kidaraja, nikabaki nimesimama katikati na moyo mkononi. Ila wanaokuja upande wa pili wakikumulika barabara kuu, hapo ni sawa na kwetu: askari.

Kipilefti nacho ni cha kuangalia. Kwanza unazunguka kinyume na kwetu, pili usidhani aliye ndani ndiye mwenye haki kila mahali. Tafuta alama ya pembetatu ya kutoa njia kabla hujaingia.

#10 FundiGia
Binti ameandika anaishi Utrecht, Uholanzi, kwenye ule uzi wake wa baiskeli, kuendesha kulia ameshazoea. #9 unamtisha bure.

#11 Wambui_Stuttgart
Mimi sijazoea na natoka Nairobi moja kwa moja mwezi wa kumi, kwa hivyo endelea Likoni. Na leseni yangu ya Kenya inakubalika?

#12 MzeeWaSukani
Wambui, beba leseni yako pamoja na leseni ya kimataifa, uichukue AA Kenya kabla hujapanda ndege. Ukishafika huko huipati. Na kama jina lako linasema Stuttgart lakini unatoka Nairobi, tueleze vizuri.

#13 Wambui_Stuttgart
Nilirudi nyumbani mwaka juzi, jina limebaki 😄 Asante mzee.

#14 KakaBujumbura
Kwa wote wawili: bima. Mimi yalinikuta. Nilikodi kwa ofisi moja ndogo, jina nawaachia, wakaniambia nina bima kubwa. Nikafurahi. Siku ya tano nikapasua tairi kwenye barabara ya vumbi. Kurudisha gari, wakanifungulia karatasi ukurasa wa nyuma: tairi, vioo, chini ya gari na barabara isiyo na lami havimo. Nililipa tairi na rimu, na amana yangu kwenye kadi ikazuiwa wiki tatu. Wapo wanaotoa bima inayofunika hata tairi na chini ya gari, ila uulize kwa mdomo na uonyeshwe ilipoandikwa. Piga picha gari pande zote kabla ya kuondoka, na uchungulie spea tairi. Magari mengi ya bei nafuu ni ya gia, anayetaka otomatiki aagize mapema.

Sheli hujazi mwenyewe, kuna mhudumu. Sasa sikilizeni: wao "petrelaio" ni dizeli. Sikio letu linasikia petroli. Petroli ni "venzini", na isiyo na risasi wanaiita "amolivdi". Angalia kifuniko cha tangi, kisha mwonyeshe kwa kidole.

#15 ShangaziRehema
Pole sana Kaka. Hiyo barabara ya vumbi bila shaka ni ya Balos.

#16 KakaBujumbura
Ndiyo yenyewe.

#17 FundiGia
Basi hapo kosa ni lako ndugu yangu, sema tu ukweli. Kutoka Kaliviani ni kama kilomita nane za mawe na vumbi, mlima kushoto, bonde la bahari kulia, na ofisi nyingi za magari zinakataza hiyo njia waziwazi. Ukimaliza unaegesha juu, unashuka kwa miguu karibu nusu saa, na jioni unapanda tena juani. Kutoka bandari ya Kissamos kuna boti inapitia kisiwa cha Gramvousa penye ngome ya Wavenisi, halafu inakushusha Balos penyewe. Gari linabaki bandarini salama.

#18 KakaBujumbura
Boti inafika pamoja na watu wote wa boti. Mimi nilifika saa mbili asubuhi kwa gari, nikakuta ile rasi ya mchanga mweupe na maji ya kijani haina mtu isipokuwa mbuzi wanne. Nililipa tairi na bado sijutii.

#19 BintiKorogwe
Mume wangu amesoma #14, amesema boti. Elafonisi je? Ule mchanga wa waridi ni wa kweli au ni picha zimetiwa rangi?

#20 MtotoWaLikoni
Wa kweli, ila usitegemee pwani nzima. Ni mistari, mawimbi yanapofika. Ni matumbawe yaliyosagika, kama tunayoyaona kwetu.

#21 FundiGia
Si matumbawe. Ni maganda ya viumbe wadogo sana wa baharini wenye rangi nyekundu, wakifa maganda yanasagika na kuchanganyika na mchanga mweupe.

#22 ShangaziRehema
Mwongozaji wetu alisema ni makome. Mama mkwe aliokota kiganja kimoja, mlinzi akamsogelea kwa heshima akamwomba aurudishe. Pale ni hifadhi, mchanga hauondoki. Alirudisha na kukung'uta kanzu mbele yake. Jambo la rangi mtabishana hadi kesho, jambo la kutoondoka nao ni hakika.

Nendeni mapema, saa tatu asubuhi muwe mmefika. Njia ya korongo la Topolia ina handaki la gari moja moja lenye taa za kuruhusu kwa zamu.

#23 MwanaMaskati
Shangazi umenikumbusha kwa neno "handaki". Mji wa Heraklion ulijengwa na Waarabu waliotoka Andalus, walioitawala Krete tangu miaka ya 820 hadi 961. Waliuzungushia mtaro mkubwa wa ulinzi na mji ukaitwa kwa jina la huo mtaro, al-Khandaq. Wagiriki wakalitamka Chandax, Wavenisi wakasema Candia, wakaita hivyo hadi kisiwa kizima. Ndilo neno letu handaki. Nilisimama juu ya kuta za Heraklion nikamwambia mwanangu: huu mji jina lake la zamani unalijua, unalitumia nyumbani.

Na Vai usiikose, japo ni mbali, kilomita kama 25 kupita Sitia. Wenyeji wana hadithi kwamba mitende ile ilitokana na kokwa za tende walizotema maharamia wa Kiarabu.

#24 FundiGia
Hadithi tamu lakini mitende ya Vai ni aina yake, ya asili ya pale, wataalamu wanaiita Phoenix theophrasti. Tende zake hazina nyama ya kula. Aina hiyo hiyo ipo Preveli upande wa kusini, mto unaposhuka kuingia baharini. Iliungua moto 2010 na ikachipua tena.

#25 MwanaMaskati
Nimesema hadithi, sikusema ushahidi. Swali la chakula kwa Waislamu wenzangu: mishikaki ya kule, souvlaki, mara nyingi ni nguruwe. Neno ni "hirino". Kuku ni "kotopoulo", kondoo "arni", mbuzi "katsiki". Na mkimaliza kula mnaletewa tunda au kitu kitamu na kichupa cha raki, pombe kali yao, bila kuagiza, ni ukarimu. Weka mkono kifuani, sema "efharisto", hawalazimishi.

#26 MzeeWaSukani
Hata asiye Mwislamu, mwenye usukani aweke mkono kifuani. Kona zile na raki havikai pamoja.

#27 Wambui_Stuttgart
Kuna mtu ameniambia vibao vya barabarani vina matundu ya risasi. Aki ni kweli?

#28 KakaBujumbura
Kweli, hasa Sfakia na vijiji vya milimani upande wa Psiloritis. Wengine wanasema ni vijana wanajaribu bunduki za kuwindia. Wengine wanasema ni ukaidi wa zamani dhidi ya serikali yoyote, Mturuki, Mjerumani au Athens. Mzee mmoja Anopoli aliniambia ni kwa sababu kibao hakikimbii. Hakuna anayelenga watu.

Kinachopoteza wageni zaidi ni herufi. Mji ule ule utauona Chania, Hania, Khania, na kibao kingine ni Kigiriki kitupu. Heraklion utaiona Iraklio. Jifunzeni herufi zao jioni moja kabla ya safari.

#29 FundiGia
Hiyo iongezwe kwenye sababu za kuchelewa. Nusu ya muda wangu niliutumia kugeuza gari.

#30 MtotoWaLikoni
Hakuna aliyetaja Kaloi Limenes? Ndiyo Bandari Nzuri ya Matendo ya Mitume, jina halijabadilika. Meli iliyombeba Paulo ilisimama pale, wakataka kusogea bandari nyingine wapitishe baridi, upepo wa milimani ukawatupa. Nilipokuwa baharia tulitia nanga hapo kuchukua mafuta ya meli, kuna kisiwa kidogo chenye matangi mbele ya ufuko. Bosun wetu wa Kilwa, Mwislamu, ndiye aliyetuambia tuko wapi. Upepo wa kutoka kwenye makorongo nimeuona kwa macho, unashuka kama umefunguliwa mlango. Mkiogelea kusini, Plakias na kwingineko, ukivuma msiende kina kirefu.

#31 MwanaMaskati
Kuhusu watu wetu: Chania ilikuwa na mtaa wa Waafrika Waislamu nje ya ukuta wa mashariki, Koum Kapi, yaani lango la mchanga kwa Kituruki. Wenyeji waliwaita Halikoutes. Wengi walifanya kazi bandarini. Waislamu wa Krete walipohamishiwa Uturuki baada ya mkataba wa 1923, nao walikwenda, akabaki Salis Chelidonakis, mtu wa bandarini aliyependwa na mji mzima. Alifariki 1967. Leo Koum Kapi ni mikahawa mitupu ufukweni. Ukikaa pale kunywa kahawa, ujue umekaa wapi.

#32 ShangaziRehema
Hili sikulijua, na nilikaa pale jioni tatu. Asante kwa kutufundisha.

#33 MzeeWaSukani
Nao walikuja kwetu. Wagiriki wa mkonge na kahawa, Tanga, Moshi, Arusha. Wanaokumbuka ukumbi wa Arnautoglo pale Mnazi Mmoja, huyo alikuwa Mgiriki. Lakini huo ni uzi mwingine.

#34 BintiKorogwe *(miezi miwili baadaye)*
Wakuu, mrejesho. Tumerudi salama, asanteni sana. Tulilala Chania usiku tano na Agios Nikolaos tatu. Balos kwa boti. Spinalonga kwa boti kutoka Plaka, kisiwa ambacho wagonjwa wa ukoma walitengwa hadi 1957. Nilitembea kimya kile kichochoro chenye maduka yao na sikutaka kupiga picha. Vai hatukufika, siku ziliisha. Njia ya kusini hatukuigusa, isipokuwa Sfakia.

Niliandika muda kwenye daftari. Chania hadi Elafonisi, kilomita 75: kwenda saa moja na dakika 50. Topolia taa ilikuwa nyekundu, na baada ya hapo mbuzi walikuwa wamelala kwenye kivuli cha mwamba, ndani kabisa ya kona, wakatuangalia bila kunyanyuka. Kurudi, njia ile ile: saa moja na dakika 25. Sasa nielezeni.

Sfakia tulipanda Anopoli hadi daraja la Aradena. Ni la chuma, sakafu yake mbao, korongo chini mita 138. Nilipita mwendo wa mtu anayetembea. Kila ubao ulilia kwa sauti yake chini ya tairi, mmoja baada ya mwingine, kama marimba, na katikati ya mbao unaona mwanga.

#35 FundiGia
Dakika 25 umeziokoa kwa sababu kona ulikuwa umeshazijua. Ndiyo hoja yangu ya #4, imethibitika.

#36 ShangaziRehema
Haijathibitika lolote. Jioni hakuna wa kusimama kupiga picha. Binti, mlisimama mara ngapi asubuhi?

#37 BintiKorogwe
Mara sita 🙈

#38 MzeeWaSukani
Asubuhi umekwenda pamoja na wageni wote, jioni umewaacha ufukweni. Milima haikubadilika, magari yamebadilika.

#39 MtotoWaLikoni
Mzee leo umeihama milima yako! Umesema nini #2?

#40 Wambui_Stuttgart
Waacheni. Binti, hapo Aradena mumeo alikaa ndani ya gari?

#41 BintiKorogwe
Alishuka. Alivuka kwa miguu, mkono kwenye reli, kofia ameishika kifuani, akanisubiri upande wa pili.